Kituo cha data cha raki 10: karibu kila kitu nimeweka viwili viwili, je, kinatosha?

Mpangaji_Raki

Habari wakuu. Naomba mnikosoe mchoro wa kituo kidogo cha data kabla haujaingia kwenye zabuni. Baada ya hapo kila badiliko ni pesa.

Chumba kina mita 9 kwa 7, kimo mita 3 hadi dari, kiko ghorofa ya pili. Raki ni 10 za 42U (U ni nafasi moja ya kifaa kwenye raki), kila moja kW 5, kwa hiyo vifaa peke yake ni kW 50. Umeme ni volti 230/400, fezi tatu. Mpaka sasa nimepanga hivi:

- UPS (mashine za betri za kushikilia umeme ukikatika) mbili za kVA 40, pawa fakta 0.9 (yaani sehemu ya kVA inayotumika kama kW), moja upande A na moja upande B
- jenereta moja ya kVA 100 na ATS moja (swichi inayojihamisha yenyewe kati ya gridi na jenereta)
- viyoyozi viwili vya kW 30
- kila raki PDU (ubao wa soketi wa kugawia seva umeme) mbili za fezi moja, ampea 16, moja A na moja B
- faiba za watoa huduma wawili
- gesi ya kuzima moto

Hesabu yangu: UPS 40 na 40 ni 80, inazidi 50. Viyoyozi 30 na 30 ni 60, inazidi 50. Maswali ni matatu. Hii inafika Tier III, daraja la tatu la viwango vya vituo vya data? Udhaifu uko wapi? Na bajeti ikibana, kipi kitangulie?

---

FundiNguvu

Mkuu, umefanya vizuri kuweka namba, maana kosa lenyewe limejificha humo kwenye kujumlisha. Ukihitaji UPS zote mbili ndipo mzigo ubebeke, basi huna akiba hata kidogo. Una mashine mbili, na yoyote ikifa chumba kizima kinakwenda nayo.

Tazama. kVA 40 mara 0.9 ni kW 36. Siku za kawaida kila UPS inabeba kW 25, taa zote za kijani. Siku A ikizimika, zile kW 50 zote zinahamia B yenye uwezo wa 36. B inalemewa, inajihamishia kwenye mchepuko wake (njia inayoiruka UPS na kuchukua umeme moja kwa moja), na ikiwa umeme wa gridi haupo wakati huo, chumba kinazima. Kwa hiyo kila UPS peke yake iweze kubeba kW 50 na ibaki na nafasi. Ukichukua za kW 60, siku za kawaida kila moja iko asilimia 42, na moja ikifa nyingine inapanda hadi 83.

Ila usikimbilie kW 60 kabla ya kuangalia fezi. UPS ya kW 60 ya fezi tatu inatoa kW 20 kwa kila fezi. Raki 10 za fezi moja hazigawanyiki kwa tatu: utapata 4, 3 na 3. Fezi yenye raki nne itabeba kW 20 upande mmoja ukizima. Hiyo ni ampea 87, na tayari uko kwenye kikomo cha ile fezi ingawa jumla inaonekana ni 50 tu. Mzigo ungekuwa sawa, kila fezi ingebeba ampea 72 au 73. Aliyeweka breka ya ampea 80 kwa kutazama wastani anaweza kuiona ikiruka saa ile ile anapoihitaji.

Kosa hilo hilo limo kwenye PDU zako. Ampea 16 kwa volti 230 ni kW 3.68. Kawaida kila PDU inabeba kW 2.5, karibu ampea 11, na hakuna atakayeshtuka. A ikikatika, B inapokea kW 5, karibu ampea 22, kwenye breka ya 16. Haitaruka papo hapo, itakaa kidogo ikipata joto kisha iruke, na raki iliyokuwa na njia mbili inazima yote. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye michoro ya vyumba vidogo, na haliwezi kuonekana kwa macho mpaka upande mmoja uzimwe kwa makusudi.

Dawa ya matatizo yote mawili ni moja: peleka fezi tatu mpaka kwenye raki. PDU ya fezi tatu ya ampea 16 inatoa kW 11. Raki ya kW 5 iliyogawanywa vizuri itavuta ampea 7 hivi kwa kila fezi hata ikiwa upande mmoja tu unabeba. Mafundi wapange plagi za seva kwa zamu kwenye fezi tatu, wasizijaze zote kwenye soketi za juu kwa sababu ndizo zilizo karibu. Ukiamua kubaki na fezi moja, chukua ampea 32 na UPS za kW 80. Vyovyote vile weka onyo kwenye PDU likufikie mzigo wa upande mmoja unapofika asilimia 40 ya breka, kwa sababu 40 na 40 ni 80, na 80 ndicho kikomo cha kufanyia kazi mfululizo.

ATS moja ndiyo sehemu nyingine inayoua pande zote mbili kwa pamoja. A na B zikizaliwa kwenye ATS moja, zina mama mmoja. Weka ATS mbili, kila moja ipokee gridi na jenereta, kila moja ilishe bodi yake (paneli ya kugawa umeme) na UPS yake. Nyaya za A zisipite kwenye trei ya B. UPS nazo zikiweza zikae vyumba viwili tofauti, au angalau kuwe na ukuta wa kuzuia moto kati yake.

Betri: dakika 10 kwa mzigo kamili kwa kila UPS zinatosha. Jenereta yenye afya inashika mzigo ndani ya sekunde 10 hadi 15, hizo dakika nyingine ni za kujaribu kuiwasha mara tatu, na ikikataa kabisa, kuzima seva kwa utaratibu. Kama ni betri za risasi zilizozibwa, kumbuka zinaunganishwa mfululizo, mara nyingi block 32 hadi 40 za volti 12. Block moja ikikatika ndani, mnyororo mzima haufai. Kwa hiyo minyororo miwili sambamba kwa kila UPS, na joto la chumba cha betri lisipite nyuzi 25, kwani kila nyuzi 10 zaidi ya hapo hupunguza umri wake karibu nusu. Za lithiamu zinavumilia zaidi na zinadumu zaidi, ila ziandikie mpango wake wa moto.

Vifaa vyenye plagi moja (swichi za zamani, modemu) vipe swichi ndogo ya kuhamisha ndani ya raki, yenye miguu A na B. Msivigawe nusu A na nusu B kwa kubahatisha.

---

HewaBaridi

Naongezea upande wa joto, kwa sababu hapa muda ni mfupi kuliko betri.

Kila kW ya umeme inayoingia kwenye seva inatoka kama kW ya joto. Kwa kW 50 za vifaa, ongeza hasara ya UPS kama ziko humo ndani, taa na watu: hesabu kW 54. Viyoyozi viwili vya 30 vinatosha vikiwa vizima vyote. Kimoja kikifa, kW 24 hazina pa kwenda. Chumba chako kina mita za ujazo 189. Hewa peke yake, kwa kW 24, inapanda zaidi ya nyuzi 6 kwa dakika. Kuta na vyuma vya raki vinameza sehemu ya joto hilo, kwa hiyo kiuhalisia ni polepole zaidi, lakini bado ni dakika chache tu kabla seva hazijaanza kujizima zenyewe. Umeme ukikatika na viyoyozi vyote vikisimama huku UPS zikiendelea kulisha seva, mambo ni ya haraka zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana feni za viyoyozi ningeziweka kwenye UPS, hata kama kompresa zinasubiri jenereta.

Ningechukua viyoyozi vinne vya kW 20. Vitatu vyovyote vinatoa 60, na cha nne ni akiba. Viendeshwe vyote kwa kasi ndogo, kwani cha akiba kinachokaa kimezimwa miezi sita hujui kama kitaamka. Viwili vilishwe na bodi A, viwili na bodi B. Hapo bodi moja ikizima unabaki na kW 40 dhidi ya 54, kwa hiyo kila kiyoyozi kiwe pia na swichi ya kukihamishia bodi ya pili. Kama kuna kifaa kimoja kinachoviongoza vyote, hakikisha kikifa kila kiyoyozi kinaendelea chenyewe.

Ukisoma katalogi, angalia mambo mawili. La kwanza, kW 20 hizo ni za kuondoa joto peke yake au zimejumlisha na kukausha unyevu? Seva hazitoi unyevu, kwa hiyo namba inayokuhusu ni ile ndogo. La pili, ilipimwa nje kukiwa na nyuzi ngapi? Nyingi huandikwa kwa nyuzi 35 nje. Kondensa (sehemu za nje za viyoyozi) zikipangwa zimebanana juu ya paa jeusi, zinavuta hewa moto zinazotemeana, na hewa inayoingia inaweza kuzidi sana ile ya kituo cha hali ya hewa. Tarehe 19 Julai 2022 London ilipopita nyuzi 40, vituo vya Google na Oracle vilipata hitilafu ya ubaridi siku hiyo hiyo. Chora kwa siku mbaya kuliko zote zilizorekodiwa mahali unapojenga, kisha ongeza nyuzi kadhaa.

Mwendo wa hewa nao una hesabu yake. Raki ya kW 5, hewa ikipanda nyuzi 12 kutoka mbele hadi nyuma, inahitaji mita za ujazo 1,240 hivi kwa saa. Raki 10 ni 12,400. Viyoyozi vikisukuma pungufu ya hapo, seva zitajitafutia zenyewe, zitavuta hewa moto kutoka nyuma kupitia juu ya raki. Kwa hiyo: raki zitazamane uso kwa uso, upande wa baridi upana wa mita 1.2, upande wa moto angalau mita 0.9. Kila U tupu izibwe kwa kibao. Matundu ya nyaya sakafuni yawekewe brashi. Vibao hivi ni vitu vya bei ndogo kuliko vyote kwenye mradi, na ndivyo husahaulika.

ASHRAE (chama cha wahandisi wa viyoyozi) inapendekeza hewa ya nyuzi 18 hadi 27 inapoingia kwenye seva. Pima mbele ya raki, juu, katikati na chini. Kipimo cha ukutani au cha mdomoni mwa kiyoyozi hakikwambii kitu. U za juu kabisa ndizo huungua kwanza.

Sasa jenereta. Jumlisha: vifaa 50, hasara za UPS 3, kuchaji betri baada ya umeme kukatika 5, viyoyozi karibu 18, taa na mengineyo 2. Hiyo ni kW 78. kVA 100 yako ni kW 80 karatasini. Itawaka, itabeba, na siku kompresa nne zikianza pamoja itakohoa. Chukua kVA 150, na kompresa zipangiwe zianze kwa kupishana sekunde 20 au 30. Soma pia kibao chake: uwezo wa dharura ni mkubwa kuliko uwezo wa kufanya kazi saa nyingi mfululizo. Wewe chora kwa ule mdogo.

Dizeli: lita 0.28 hivi kwa kila kilowati-saa, kwa hiyo karibu lita 22 kwa saa. Saa 48 ni karibu lita 1,050. Mafuta yakikaa muda mrefu yanakusanya maji chini ya tangi na vijidudu vinavyoziba filta. Toa maji ya chini ya tangi kila mwezi. Betri ya kuwashia ndiyo mshitakiwa wa kwanza jenereta inapokataa, basi weka mbili na chaja yenye onyo.

Mwaka wa kwanza ukiwa na raki tatu tu, jenereta itakuwa chini ya asilimia 30. Kwa mzigo huo dizeli haiungui yote, masizi na mafuta yanajikusanya kwenye bomba la moshi. Kila mwezi iendeshe kwa mzigo halisi, na ukipungua ongeza hita za majaribio.

---

NjiaMbili

Naomba nigusie yale ambayo hayako kwenye karatasi ya umeme.

Ghorofa ya pili: raki iliyojaa inaweza kufika kilo 1,000. Ikikaa kwenye mita 0.6 kwa 1.2, hiyo ni karibu kilonewtoni 13.6 kwa mita ya mraba chini yake. Sakafu za ofisi kwa kawaida huchorwa kwa 2 hadi 3. Mzigo husambaa kwenye njia zilizo katikati ya raki, lakini huo ni uamuzi wa mhandisi wa majengo mwenye michoro ya nondo. Betri ni nzito kuliko raki. Kama kuna chumba ghorofa ya chini kisichofikiwa na mafuriko, kituo kihamie huko.

Watoa huduma wawili haimaanishi njia mbili. Mara nyingi wote wanapita mtaro mmoja, au mmoja amekodi nyuzi za mwenzake, na katapila moja inakata zote. Dai ramani ya njia kutoka kila mmoja, na iandikwe kwenye mkataba. Kwenye jengo, sehemu mbili za kuingilia ziachane angalau mita 20. Ruta mbili zikae raki mbili tofauti.

Moto: kifaa cha kunusa moshi kwa kuvuta hewa kupitia mabomba yenye matundu kinakuonya mapema sana kuliko vile vya darini, ambavyo kwenye chumba chenye upepo wa viyoyozi huchelewa. Kuhusu gesi, haina maana kama chumba kinavuja. Fanya jaribio la feni ya mlangoni na uthibitishe gesi itashikilia dakika 10. Ukichagua gesi ajizi kama IG-541, weka tundu la kupumulia shinikizo, na uliza pua za kupunguza kelele, kwa sababu mlio wa gesi ikitoka umewahi kuharibu diski za kuzunguka.

Na hata ukifanya yote hayo, chumba kimoja kinabaki chumba kimoja. Moto wa Machi 2021 kwenye kituo cha kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, uliteketeza jengo la SBG2 lote, na wateja ambao nakala zao za akiba zilikuwa hapo hapo walipoteza vyote viwili. Nakala moja iwe mji mwingine.

---

Mpangaji_Raki

Nimezirudia hesabu zote na sina la kubishia. Nimebadilisha PDU kuwa za fezi tatu, UPS kW 60 kila upande, viyoyozi vinne vya 20, ATS mbili. Mhandisi wa majengo ataitwa wiki hii.

Yamebaki mawili. Swali la Tier III halijajibiwa. Na pesa za jenereta mbili za kVA 150 hazipo kwa sasa, ipo ya moja.

---

FundiNguvu

Tier III ya Uptime Institute inauliza jambo moja: je, unaweza kukitoa kifaa chochote au waya wowote kwa matengenezo bila kuzima seva? Katika viwango hivyo jenereta ndiyo chanzo kikuu cha umeme, gridi inahesabiwa kama njia mbadala ya gharama nafuu. Kwa hiyo ukiwa na jenereta moja huwezi kuitengeneza bila kupoteza chanzo kikuu, na hapo Tier III imekwisha. Mafuta ya saa 12 nayo ni sharti. Cheti kinatolewa na wao tu. Zile asilimia za muda wa kutozima zinazotajwa, 99.982 na kadhalika, usizitumie kuchorea, kwa sababu hazikwambii ununue nini.

Jenereta ya pili isubiri, lakini yafuatayo yasisubiri kwani yatakugharimu mara kadhaa baadaye: msingi wa zege wa jenereta ya pili, mabomba ya kupitishia nyaya, na nafasi ya breka yake kwenye bodi. Ukutani nje weka boksi la kuunganishia jenereta ya kukodi, lenye swichi ya kufungana ili isiwezekane kulisha njia mbili kwa pamoja. Mzunguko wa fezi upimwe na kuandikwa kwenye boksi, kwa maana jenereta ya kukodi ikiungwa fezi kinyume, feni na kompresa zitazunguka nyuma. Itakapokuja ya pili, ipeleke moja ATS A na nyingine ATS B, kila moja iweze kubeba yote. Hapo huhitaji paneli ya kuzioanisha, ambayo nayo ingekuwa kitu kimoja kinachoshikilia vyote.

Bajeti ikizidi kubana, punguza idadi ya raki kabla ya kupunguza njia. Raki 6 zenye A na B kamili zinaongezeka baadaye. Raki 10 zenye ATS moja hazirekebishiki bila kuzima.

---

HewaBaridi

Kwenye zabuni andika majaribio ya kukabidhi kama sharti la malipo ya mwisho. Kodi hita za majaribio za kW 50, zipange ndani ya raki, ziwashe mpaka joto litulie, angalau saa 4. Kisha, ukiwa na saa na karatasi mkononi:

1. Zima bodi A. Soma ampea za kila fezi kwenye B. Subiri dakika 30, si dakika moja, kwani breka iliyolemewa kidogo huchukua muda kuruka. Rudisha, fanya hivyo kwa B.
2. Zima kiyoyozi kimoja kimoja, kila mara ukirekodi joto la U za juu.
3. Kata gridi kabisa. Pima sekunde mpaka jenereta ishike, na dakika mpaka kompresa zote nne zirudi.
4. Kata gridi huku UPS A ikiwa kwenye mchepuko wa matengenezo. Hapa ndipo michoro mingi huanguka.
5. Zuia jenereta isiwake. Acha betri zishuke, uone onyo la kuzima seva linakuja likiwa limebakiza dakika ngapi.

Jaribio la tano lithibitishe pia kwamba ujumbe wa simu umetoka. Modemu ya maonyo iwe na laini yake na umeme wake, nje ya mtandao inaoulinda. Na kitufe cha kuzima umeme wote kwa dharura kipe mfuniko na king'ora kinacholia ukifunuliwa, tena kiwe mbali na kitufe cha kufungulia mlango.

---

Mpangaji_Raki

La nne sikulifikiria kabisa. Yote matano yanaingia kwenye zabuni kama yalivyo, pamoja na boksi la nje. Nitaweka hapa mchoro mpya wa bodi A na B ukikamilika, mniangalizie mpangilio wa breka.

---

FundiNguvu

Uweke na jedwali la breka kuanzia bodi kuu mpaka PDU, pamoja na mikondo ya kukata ya kila moja (grafu inayoonyesha breka hukata baada ya muda gani kwa ampea ngapi). Ikitokea shoti kwenye seva moja, breka ya PDU ndiyo iruke peke yake, ile ya juu isiguswe. Bila mikondo hiyo hatuwezi kukuambia kama itakuwa hivyo.